Mwenye Timu na Wenye Timu

Njia mbili zilimshinda fisi, walinena wahenga. Methali hii niliwahi kuifafanua katika mtihani wa fasihi simulizi na nikapata alama zangu. Lakini uzito wake niliuhisi usiku mmoja wa Desemba mwaka 2021, katika kibanda cha video sokoni Migwani, Kitui. Arsenal ilikuwa imetoka kulazwa na Everton mabao mawili kwa moja, la pili likitiwa kimiani katika dakika za nyongeza. Mwenye kibanda alizima runinga, lakini hakuna aliyeondoka. Mjomba wangu, mkulima wa pojo na mkereketwa wa Arsenal tangu enzi za Kanu (simaanishi chama, namaanisha yule Mnijeria mrefu), alisimama akaitamka methali hiyo kana kwamba anasoma hukumu mahakamani.

"Huyu Mmarekani ana timu nyingine kwao," akasema. "Ana ya mpira wa kushikwa mikononi, ana ya vikapu, ana na ya barafuni. Mtu mwenye nyumba nne atalala kwetu lini?"

Kijana mmoja aliyevaa jezi ya Manchester United alimjibu kutoka nyuma: "Mzee, afadhali ninyi. Sisi tuna mke mwenza mmoja tu huko Tampa, na bado twalala njaa."

Tulicheka, tukatawanyika gizani. Hata hivyo, mazungumzo yale hayakunitoka akilini. Mpenzi msomaji, nia ya makala haya ni kutoa hoja kwamba mjomba wangu, pamoja na mashabiki wengi wenye wasiwasi kama wake, anaogopa jambo lisilostahili hofu hiyo yote, na kwa sababu hiyo analipa kisogo lile ambalo lingestahili kumnyima usingizi.

Tuanze na ukweli wenyewe. Mmarekani anayesemwa ni Stan Kroenke. Alianza kununua hisa za Arsenal mwaka 2007, akawa na zaidi ya nusu ya hisa mwaka 2011, na mwaka 2018 akaichukua klabu nzima. Mbali na Arsenal, himaya yake inajumuisha Los Angeles Rams katika kandanda ya Kimarekani, Denver Nuggets katika mpira wa vikapu, Colorado Avalanche katika hoki ya barafuni na Colorado Rapids katika soka. Nao ukoo wa Glazer, ambao ulimuudhi yule kijana wa jezi nyekundu, ulikuwa na Tampa Bay Buccaneers tangu mwaka 1995 kabla ya kuitwaa Manchester United mwaka 2005. Liverpool nayo ilinunuliwa mwaka 2010 na kundi la John Henry, ambalo lilikuwa limeinunua Boston Red Sox ya mchezo wa besiboli mwaka 2002. Kwa hiyo mashabiki watatu wanaoketi kwenye benchi moja pale Migwani, kila mmoja na jezi yake, wote ni wake wa mitara bila ya kujijua.

Je, waume hawa wameshindwa na njia mbili kama fisi wa methali? Hapa ndipo ninapotofautiana na mjomba. Miezi miwili tu baada ya usiku ule wa Everton, Februari 2022, Rams walitwaa ubingwa wa Marekani katika uwanja ambao Kroenke aliujenga kwa takriban dola bilioni 5. Mjomba alinitumia ujumbe mfupi wa simu: "Umeona? Fedha zetu hizo." Nikanyamaza kwa adabu. Juni mwaka uo huo Avalanche wakatwaa kombe lao, na Juni 2023 Nuggets wakatwaa lao. Lau hoja ya mjomba ingekuwa sahihi, Arsenal ingekuwa imekonda kwa kunyimwa. Kinyume chake, klabu ilimaliza ya pili ligini katika misimu mitatu mfululizo, ule wa 2023, wa 2024 na wa 2025, na katika kipindi hicho ikamnunua Declan Rice kwa pauni milioni 100 na nyongeza juu yake. Manchester United nayo, katika miaka minane ya kwanza chini ya Glazer, ilishinda ligi mara tano na kombe la mabingwa wa Ulaya mara moja, mwaka 2008. Kilichowakera mashabiki wake wakaanzisha klabu yao wenyewe, FC United of Manchester, mwaka ule ule wa 2005, hakikuwa Tampa. Lilikuwa deni. Ukoo ule uliinunua klabu kwa mikopo, kisha sehemu kubwa ya mikopo hiyo ikatwikwa klabu yenyewe iliyokuwa haina deni. Ni sawa na mtu kukununulia ng'ombe wako mwenyewe kwa mkopo, kisha maziwa yakawa ya kulipa mkopo.

Waama, Wamarekani wenyewe waliwahi kuiamini methali ya fisi kiasi cha kuifanya sheria. Ligi yao ya kandanda ilikuwa na kanuni ya kumzuia mwenye timu ya ligi hiyo asidhibiti timu ya mchezo mwingine katika mji wenye timu ya wenzake. Kroenke alipotaka kuichukua Rams nzima mwaka 2010, kanuni hiyo ilimlazimu kuziachilia zile za Denver. Akaziachilia, naam, lakini zikaangukia mikononi mwa jamaa yake mwenyewe. Mwaka 2018 kanuni ikaondolewa. Sijui kama kuna msomi wa fasihi aliyewahi kuona methali ikifutwa kwa kura.

Ikiwa hofu ya mjomba imepotea njia, iende wapi? Hebu tutazame mji wa St. Louis, jimboni Missouri. Rams walihamia huko kutoka Los Angeles mwaka 1995, na Januari 2000 wakaupa mji ule ubingwa. Kroenke ni mzaliwa wa Missouri hiyo hiyo. Hata majina yake mawili, Enos na Stanley, alipewa kutokana na wachezaji mashuhuri wa besiboli wa St. Louis. Mtu angedhani kwamba mwana wa nyumbani ndiye ngao. Lakini Januari 2016 wenye timu wenzake walipiga kura, 30 dhidi ya 2, wakamruhusu kuirudisha timu Los Angeles. Mashabiki hawakuwa na kura. Mji ulishtaki, na mwaka 2021 kesi ikamalizwa nje ya mahakama kwa dola milioni 790. Timu haikurudi. Nawaza juu ya mzee mmoja wa St. Louis, rika la mjomba wangu, mwenye jezi kabatini na timu iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 2,500. Huyo hakuibiwa na mke mwenza. Timu ilihama kwa sababu aliyekuwa na hati aliamua ihame.

Na tusidhani ya St. Louis ni ya Wamarekani pekee. Arsenal yenyewe ilizaliwa kusini mwa mto Thames, miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich. Mwaka 1910 aliichukua Henry Norris, ambaye tayari alikuwa na Fulham. Akajaribu kuziunganisha, akakataliwa. Mwaka 1913 akaihamishia Highbury, kaskazini mwa mto, mlangoni pa Tottenham. Mashabiki wa Woolwich ndio waliokuwa St. Louis ya enzi hizo. Nilipomsimulia mjomba kisa hiki alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Lakini kule walikuwa hawajai uwanjani." Hayo hasa ndiyo maneno ya kila anayehamisha timu! Nilifurahi kidogo kumwona mjomba wangu akiongea kama tajiri.

Niruhusu sasa, mpenzi msomaji, niingie katika uwanja wetu wa lugha, maana naamini kwamba sehemu ya utata huu imefichwa katika maneno tunayoyatumia. Tuna maneno mawili, mmiliki na mwenye, nasi huyatumia kana kwamba ni visawe. Mmiliki limetokana na shina la Kiarabu lililotupa milki, malkia na hata mamluki. Hilo la mwisho asili yake ni mtu aliyemilikiwa, na wanamichezo wa shule wanalifahamu vyema kwa mchezaji wa kukodiwa anayeingizwa timuni kwa hila. Mmiliki ana hati. Anaweza kuuza, kurithisha, kuhamisha, kuweka rehani. Mwenye, kwa upande mwingine, ni wa Kibantu na maana yake ni pana zaidi. Mwenye njaa haimiliki njaa. Mwenye haya hana stakabadhi ya haya zake. Mwenyeji wa Migwani huenda hana hata kipande cha ardhi pale, lakini mgeni akipotea njia ndiye atakayeulizwa. Mzizi -enye hueleza uhusiano wa kuwa na kitu, kukaa nacho, kukibeba. Nacho Kikamba kina mwene, ndugu wa damu wa neno hilo. Mjomba aliposema "mwene timu" akimkusudia Kroenke, nilitamani kumkatiza: hapana, mjomba, huyo ni mmiliki; mwenye timu ni wewe, uliyekesha nayo tangu kina Kanu na ukaamka saa kumi na moja kwenda shambani.

Ninajua kuna mhadhiri atakayesema kwamba huu ni mchezo wa maneno na kwamba katika matumizi ya kila siku mwenye duka ni mmiliki wa duka. Nakubali. Lakini tazama pia kile kimilikishi -angu. "Timu yangu" husemwa na shabiki kwa namna ile ile ya "mama yangu" na "kijiji changu". Hakuna anayeisikia kama dai la mali. Hatari huanza pale mtu mwingine anapoisema "timu yangu" kwa maana ya "gari langu", na sentensi zote mbili zikawa sahihi kisarufi. Sarufi haitatuamulia. Mwaka 2018 Kroenke alipovuka asilimia 90 ya hisa, sheria ya makampuni ya Uingereza ilimpa uwezo wa kuwalazimisha wenye hisa ndogo zilizobaki wamuuzie. Miongoni mwao walikuwamo mashabiki wa kawaida wenye hisa moja moja, na wengine walioshirikiana kuchangia hisa moja. Walilipwa kila senti. Hakuna aliyedhulumiwa fedha. Walichopoteza ni haki ya kuketi katika mkutano wa kila mwaka na kuuliza swali. Laiti mjomba angekasirikia siku hiyo badala ya kukasirikia uwanja wa Los Angeles!

Kuna wanaofikiri kwamba dawa ni kuwafukuza matajiri na kuwarudishia mashabiki klabu zao. Sisi Wakenya tunayo sababu ya kusita. Gor Mahia na AFC Leopards ni klabu za wanachama, tena kongwe. Leopards ya mwaka 1964, Gor ya 1968. Mwaka 2019 mdhamini wao mmoja, kampuni ya kamari ya SportPesa, ilipofuta udhamini wake nchini kwa sababu ya mvutano wa leseni na ushuru, mishahara ilikwama na wachezaji wakatawanyika. Kampuni hiyo ilikuwa imedhamini raga pia, ikajiondoa huko mapema zaidi. Uanachama haukumlisha mchezaji hata mmoja. Upande wa pili, timu zetu zinazolipa mishahara bila ya kukosa aghalabu ni za taasisi zenye michezo mingi: jeshi lenye Ulinzi Stars ya soka na Ulinzi Warriors ya vikapu, au benki ya KCB yenye soka, raga na voliboli, ambayo wanawake wake walitwaa ubingwa wa klabu barani Afrika mwaka 2006 na tena 2022. Sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba jeshi linapendelea vikapu. Ulinzi Stars ilishinda ligi mara nne kati ya 2003 na 2010, na si kwamba ilikuwa ikijaza viwanja. Wivu wa ukewenza, kama ujuavyo, huhitaji kwanza mapenzi.

Kwa hivyo fedha za mmiliki si haramu, na michezo miwili si dhambi. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho kigumu zaidi: kuna mambo ambayo hati isiyaguse bila ya idhini ya wenye timu. Jina, rangi, nembo, mahali. Wajerumani wametangulia kwa kanuni yao ya kuwaachia wanachama wingi wa kura katika klabu, hata mwekezaji akija na gunia la fedha. Uingereza ilichelewa. Ilibidi kwanza klabu 12 za Ulaya, zikiwemo Arsenal, Manchester United na Liverpool, zitangaze ligi yao ya kujitenga Aprili 2021, na mashabiki wafurike barabarani hadi klabu sita za Uingereza zikajitoa ndani ya siku mbili. Mwaka 2025 nchi hiyo ikapitisha sheria iliyounda msimamizi huru wa soka, na sasa mmiliki hawezi kubadilisha nembo wala rangi za nyumbani bila ya mashabiki kuridhia, wala kuuza uwanja kwa kutaka kwake tu. Liverpool walikuwa wameonja nguvu hiyo mapema zaidi: Februari 2016 maelfu walitoka uwanjani dakika ya 77 kupinga tiketi ya pauni 77, na bei hiyo ikafutwa.

Labda utauliza haya yote yanatuhusu nini sisi ambao hatuna hata kura ya kuchagua rangi ya viti. Yanatuhusu, na sikuyajua kwa kusoma.

Mwaka 2016 tajiri mmoja wa kwetu, jina lake nalihifadhi, alijitokeza kuifadhili timu ya soka ya vijana wa kijijini. Alileta jezi, mipira, viatu na gari la kukodi. Baadaye akaongeza timu ya voliboli ya wasichana. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mashabiki wa soka, na mimi nilikuwa mmoja wao, tulinung'unika kwamba wasichana wanakula sehemu yetu: gari likiwapeleka Mwingi Jumamosi, sisi twaenda kwa miguu. Kiongozi wa manung'uniko alikuwa mjomba, na silaha yake ilikuwa methali ile ile ya fisi. Ujumbe ukamfikia mfadhili. Mapema mwaka 2017 akawaacha wasichana. Tulishangilia, na naandika neno hilo kwa aibu.

Katika furaha hiyo hatukutazama mambo matatu. Timu ilikuwa imebadilishwa jina na kupewa la mfadhili. Fomu za usajili zilijazwa kwa jina lake na la katibu wake. Na jezi zilifuliwa na kuhifadhiwa kwake. Uchaguzi wa Agosti ulipokuja, yeye akigombea kiti, kura hazikutosha. Wiki iliyofuata pikapu ilikuja ikachukua jezi, mipira na nyavu za magoli. Hakutukana mtu. Kisheria vilikuwa vyake. Tulipojaribu kujiunga na ligi ya eneo msimu uliofuata tukaambiwa kwamba timu yenye jina lile ina mwenyewe, nasi hatukuwa na jina jingine.

Wasichana, kwa kuwa waliachwa mapema, walikuwa wamekwisha kulia kabla yetu. Binamu yangu, bintiye mjomba, alinieleza baadaye jinsi walivyoketi chini ya mwembe na kuulizana wamebakiwa na nini. Walikuwa na milingoti miwili na kamba za katani. Mama zao husuka vyondo, kwa hiyo fundo si jambo la kumshinda mtu. Wavu wakausuka wenyewe kwa siku nne. Wakafungua daftari, kila mchezaji na kila mzazi anayependa kutazama akawa mwanachama kwa shilingi hamsini kwa mwezi. Wakasajili kikundi kwa majina ya watu saba. Wavu ule wa katani ulikuwa mzito na uliwachubua viganja, na baadaye wakanunua wa dukani, lakini wa kwanza umetundikwa nyumbani kwa mweka hazina hadi leo.

Mwaka 2022, baada ya miaka mitano bila timu, vijana wa soka waliwaendea wasichana kuomba kujiunga na kikundi chao. Mkutano ulichukua mchana mzima. Wasichana walikubali, kwa sharti kwamba jina la kikundi lisibadilike na kwamba mwenye kuchangia ndiye mwenye kura, awe ni wa gozi au wa wavu. Hivyo ndivyo kikundi cha wasichana wa Migwani kilivyokuja kuwa chenye timu katika michezo miwili.

Mjomba alihudhuria mkutano ule. Alipopewa nafasi alisimama, akasafisha koo, na wengi wetu tukajua kinachokuja. Aliuliza ikiwa kikundi kimoja kitaweza kweli kuzishika timu mbili, maana wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi, na soka isije ikasahauliwa.

Binamu yangu alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye safu ya majina.

"Baba," akasema kwa heshima zote, "mchango wako wa mwezi uliopita na wa huu bado haujaingia."